Mheshimiwa Diwani, tufungulie grupu tuandike

Kwako Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Jiji la Tanga.

Assalaam aleykum. Natumaini wewe na familia yako mu wazima.

Barua hii nilitaka uipate mkononi, kwa faragha, kama mtu mzima anavyosema na mwanawe. Nimejaribu. Simu yako inaita mpaka inakata. Meseji hazijibiwi. Ofisini nimekwenda mara tatu, na mara zote tatu nimeambiwa uko kikaoni. Imebidi niandike hapa, mbele za watu, na kwa hilo nakuomba radhi kabla sijaanza.

Alhamisi iliyopita, saa kumi na nusu alfajiri, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu, mwenzetu mmoja wa kikundi chetu cha kinamama wauza samaki alitumbukia kwenye ule mtaro wa njia ya kwenda Deep Sea, mwaloni kwenye mnada wa samaki. Unaujua. Mfuniko wake wa zege ulivunjika siku nyingi, na maji yakijaa huwezi kujua wapi ni njia na wapi ni shimo. Mkono wake umevunjika juu kidogo ya kiganja, mkono wa kulia, wa kupaa samaki. Mtaji wa siku ile alikuwa ameufunga kwenye pindo la khanga, na fundo likafunguka. Tulikuwa kinamama watano, tumeinama na tochi za simu, tunapapasa noti kwenye maji machafu huku yeye amekaa pembeni anasema jamani hela za watu, hela za watu. Tulipata elfu thelathini na mbili. Nyingine zilikwenda na maji.

Wenzangu walipokuwa wanamfunga mkono, nilipiga picha ya mtaro. Nikafungua grupu la WhatsApp la kata, lile ulilolifungua mwenyewe wakati wa kampeni, nikutumie palepale uone kwa macho yako. Chini ya skrini, mahali tulipokuwa tunaandikia zamani, pana mstari mmoja tu: wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe.

Mheshimiwa, nilisimama pale na picha yangu kwenye simu, sina pa kuipeleka.

Nikukumbushe grupu hilo lilivyozaliwa. Kampeni zilifunguliwa Agosti 28, 2025, na siku chache baadaye ulikuja kibarazani kwangu na vijana wawili. Ulinishika mkono ukaniamkia, ukaniita shangazi. Ulisema huna fedha za mabango wala gari la matangazo la kuzunguka kila siku kama wenzako, lakini simu unayo na bando unalo, na ukipata namba za watu utawafikia mpaka jikoni. Nilikuamini kwa sababu wewe si wa waja leo waondoka leo. Umekulia hapa hapa, baba yako nilimjua.

Nilikupa daftari la kikundi chetu. Majina 62, na namba ya kila mmoja. Vijana wako walilipiga picha ukurasa kwa ukurasa pale pale juu ya mkeka. Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu wakuseve, maana vijana wako walinieleza kwamba tangazo la pamoja halimfikii mtu ambaye hajaiweka namba yako kwenye simu yake. Wazee wasiojua kuseva niliwasevia mimi. Mpaka katikati ya Septemba tulikuwa 417 kwenye grupu, na mimi ukanipa usimamizi.

Wallahi lilikuwa grupu zuri. Mtu anauliza kuhusu maji, unajibu. Mtu anauliza ushuru wa mnada, unajibu, tena kwa sauti yako. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu alituma voisi ya dakika tatu kuhusu mjukuu wake na shule, na wewe ukamjibu kwa dakika nne. Watu waliipeleka ile voisi huku na huko. Walikuwa wanasema, huyu anasikiliza.

Jumapili, Septemba 14, nilikuuliza mimi mwenyewe kuhusu mtaro na giza la njia ya mwaloni. Ulijibu kwamba mtaro utafunikwa na taa za sola zitawekwa kabla ya masika. Ulisema tukikuchagua, grupu hili ndilo litakalokuwa ofisi yako, na mlango wake hautafungwa.

Najua kwenye simu yako maneno hayo hayapo tena. Vijana wako waliliwekea grupu utaratibu wa ujumbe kufutika wenyewe baada ya siku 90. Wakati ule niliona ni jambo la kuokoa nafasi kwenye simu. Septemba 14 ukiihesabia siku 90 inafika Desemba 13, na siku hiyo ahadi yako ilifutika kwenye simu za watu 417 kwa pamoja, bila mtu kuigusa. Kwangu ipo. Niliwahi kuirusha kwa binti yangu siku ile ile, kwa furaha tu, asikie diwani mtarajiwa anavyomtaja mama yake. Nimeisikiliza tena Alhamisi jioni.

Halafu ukaja uchaguzi. Oktoba 29 intaneti ilizimwa nchi nzima, na zilipita siku kadhaa mpaka iliporudi Novemba. Sisi tuna wateja wa Muheza, Korogwe mpaka Lushoto wanaoagiza kwa kuona picha ya mzigo wa asubuhi. Picha hazikwenda. Simu za kawaida zilipita, lakini nani atanunua kibua kwa kusimuliwa? Hasara yangu ya siku zile naijua mwenyewe, na leo sikudai hiyo, maana haikuwa mikononi mwako. Ninalotaka ulijue ni kwamba grupu liliponyamaza siku zile hatukukulaumu. Tulisema ni mtandao. Tulisema mtandao ukirudi, naye atarudi.

Mtandao ulirudi. Grupu tulilikuta limefungwa, na mimi nimeshavuliwa usimamizi.

Nimekaa nikatafuta sababu. Labda uliogopa. Siku zile watu walikuwa wameonywa kuhusu kusambaza picha na video za vurugu, na mwenye grupu naye hujiona yuko hatarini kwa kinachoandikwa na wengine. Kama ni hilo nakuelewa, na ungetuambia tungelilinda grupu wenyewe. Labda ni vijana wako walichoka na maswali. Labda kuna aliyekutukana, na kama yupo nakuomba radhi kwa niaba yake. Lakini mwaka mpya umeingia, Ramadhani imekuja na kupita, masika yameanza, na kufuli liko pale pale. Kinachoingia ni picha zako. Uko kwenye hafla, uko kwenye mbio, umekaa meza kuu, salamu za Idi. Tunaona kila kitu chako. Wewe huoni chochote chetu.

Zamani mgombea akija uwanja wa Tangamano na spika zake, watu walikuwa wanamzunguka, na mtu akiwa na swali atapaza sauti. Hata akinyimwa kipaza sauti, wengine wamemsikia, na mgombea anaona nyuso. Kwenye simu haiko hivyo. Kuna kitufe kimoja tu, WhatsApp walikiweka mwaka 2018, na mwenye grupu akikibonyeza amewafunga midomo watu 417 kwa sekunde moja, nao kila mmoja yuko peke yake nyumbani kwake, hajui kama jirani naye alikuwa na la kusema. Ndiyo maana yule mama ameanguka na nusu ya kata haina habari mpaka leo. Hata wanaotoka kwenye grupu kwa hasira wanatoka kimya kimya, taarifa inamfikia msimamizi peke yake. Wewe unawaona wakitoka, Mheshimiwa. Unawaona mmoja mmoja.

Kuna na hili la daftari, nalo linaninyima usingizi.

Tangu Desemba, kinamama wa kikundi chetu wanaletewa meseji za watu wasiowajua. Mikopo ya haraka, bahati nasibu, mambo ya kujiunga na vikundi. Meseji zinawataja kwa majina yao. Mmoja aliandikwa kwa jina la utani, lile lile nililoliandika mimi kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, na halipo mahali pengine popote. Ushahidi sina, na sitamsingizia mtu. Huenda mmoja wa vijana wako aliziuza picha zile kampeni ilipokwisha na malipo yakasumbua. Huenda simu iliibiwa. Lakini zilitoka kwenu, na kwenu zilitoka kwangu.

Utasema namba ya simu ni kitu kidogo. Hapa kwetu si kidogo. Laini zetu zote tumezisajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na ambao hawakusajili walianza kuzimiwa baada ya Januari 20, 2020. Namba yangu ni kidole changu. Binti yangu yuko chuo, alinieleza habari ya Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyofumuka mwaka 2018. Taarifa za watumiaji wa Facebook, hadi milioni 87, zilichukuliwa wenyewe hawajui, ili watu wasomwe tabia na waletewe kampeni za kuwavuta. Wakubwa wake walinaswa na kamera ya siri wakijigamba kwamba walifanya kazi kwenye kampeni za Kenya, 2013 na 2017. Kenya hiyo hapo, ukivuka Horohoro umefika. Nilimwambia mwanangu, wale walitumia mitambo. Mimi nilitoa mkekani kwangu, na chai nikawapa.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu Mei 1, 2023. Taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja haipelekwi kwenye kazi nyingine bila ridhaa ya mwenyewe. Kinamama wale waliandika namba zao wapate kuitwa siku ya mchezo wa kikundi na siku ya msiba. Mimi ndiye niliyezitoa bila kuwauliza, na nimeshasimama mbele yao nikaomba msamaha. Wengine wamenisamehe. Wawili hawasemi nami, na tunanunua samaki kwenye mnada mmoja kila siku.

Hapo ndipo ulipo mzigo wangu, mwanangu. Hawakulaumu wewe. Wewe hawakuoni. Mimi wananiona kila alfajiri. Wananiuliza, Katibu, yule mtu wako anasemaje? Wewe si ndiye uliyetuingiza? Aliyeanguka hajanilaumu kwa mdomo, lakini nilipompelekea uji Ijumaa aliniuliza kama ile picha ya mtaro umeiona. Nikamwambia nitakutumia. Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba siwezi.

Najua ziko njia nyingine. Kuna mwenyekiti wa mtaa, kuna mtendaji, kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo wewe ndiye mwenyekiti wake. Huko nako nimepita, nimeambiwa niandike barua, nimeandika, nimeambiwa inashughulikiwa. Lakini hukutuomba kura kupitia kamati. Ulituomba kupitia simu, saa tatu usiku, sahani za chakula bado hatujaziondoa. Katiba, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Mtaro ule unatuhusu, tunaupita kila siku kwenye giza.

Nilikuwa nimepanga nikuombe mengi. Mtaro ufunikwe, taa ziwekwe, picha za daftari zifutwe kwenye kila simu zilikoingia na tuambiwe zimefika kwa nani, na mwenzetu asaidiwe, maana plasta atakaa nayo wiki sita na ana watoto wanne. Yote hayo nayataka bado. Lakini nimeona nikikuandikia mengi utachagua lililo jepesi, kisha uweke picha.

Basi nakuomba hili moja. Fungua grupu. Usilete fedha, usiite mkutano, usitume mtu. Shika simu yako, ingia kwenye mipangilio, turudishie nafasi ya kuandika. Ukiogopa matusi, weka wasimamizi kumi, wakali kama unavyotaka, mimi nisiwemo. Ukiona maswali ni mengi, jibu moja kwa siku. Hata usipojibu, acha tuandike, ili anayetoka nyumbani saa kumi ajue kwamba aliyetangulia ameona mtaro umejaa. Fungua grupu, Mheshimiwa.

Kesho alfajiri kabla sijatoka nitaangalia chini ya skrini, kama ninavyoangalia kila siku tangu Novemba. Picha ya mtaro ninayo, sijaifuta. Nikikuta pa kuandikia pamerudi, nitaituma hiyo kwanza, na salamu zako za asubuhi zitafuata.

Wako,
Shangazi, katibu wa kikundi cha kinamama wauza samaki
Tanga