Ratiba ya Bangkok: Ijumaa na Jumamosi

Habari za jioni wapendwa. Kwa wale mlioniuliza tena na tena: ndiyo, kesho Jumba la Kifalme kwanza. Tukutane mapokezi saa 1:30 asubuhi, si saa mbili, maana milango inafunguliwa saa 2:30 na jua la huku halina masihara.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Kaka zangu wa kaptula, mmesikia. Dada zetu, kanga moja begani inatosha kuokoa siku. Kiingilio ni baht 500, kila mtu ajilipie.

Mkikutana na mtu nje anawaambia "leo pamefungwa, njooni niwazungushe kwa bajaji", mpiteni tu. Atawapeleka kwenye maduka ya vito na washona suti mpaka jioni. Ni mchezo wa zamani sana pale.

Kutoka hapo tunatembea hadi hekalu la Wat Pho kuiona sanamu ya Buddha aliyelala, urefu mita 46, kisha tunavuka mto Chao Phraya kwa kivuko kwenda hekalu la Wat Arun. Vaeni viatu vyepesi kuvua.

Wanaoswali Ijumaa wataniaga mapema. Msikiti wa Haroon uko Bang Rak, si mbali na mto. Sisi wengine tutaendelea polepole.

Jumamosi ni Chatuchak. Soko ni kubwa mno, kwa hiyo tukipoteana tukutane kwenye mnara wa saa. Na ukipenda kitu, nunua palepale. Kurudi kulitafuta duka lile lile ni kazi bure.

Mama Salma, dawa zako nimezipata.