Niseme nini kuhusu ugonjwa wa dada yangu?

Kwako Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mwezi wa Desemba tutakuwa na ibada ya kumkumbuka marehemu dada yangu, ile ambayo sisi Wajaluo huiita rapar, nyumbani kwa mume wake huko Ugenya, na mimi niliyemtangulia kuzaliwa ndiye niliyepewa kazi ya kusoma wasifu wake. Nimeuandika mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja.

Dada yangu alifariki akiwa na umri wa miaka 44. Alikuwa akiuza omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye, na hadi leo wateja wake hunisimamisha njiani wakinieleza jinsi alivyojaza gorogoro mpaka omena zikamwagika, kisha akaongeza konzi moja kwa kila mama aliyebeba mtoto mgongoni. Hayo niliyaandika bila shida.

Shida ni ugonjwa. Siku ya mazishi ilitangazwa kwamba aliugua kwa muda mfupi, nayo haikuwa kweli. Alitokwa na damu kwa karibu mwaka mzima, na kwa kuwa aliona haya kumweleza yeyote isipokuwa mimi, alifika hospitalini saratani ya mlango wa kizazi ikiwa imekwisha kuenea. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba huenda ni hedhi inayokaribia kukoma, na kwamba avumilie. Neno hilo sijawahi kumwambia mtu hadi ninapokuandikia.

Shemeji na mama yetu mzazi wananisihi nisiutaje ugonjwa huo. Wamesikia kwamba huletwa na virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na wanahofia kwamba watu watambandika marehemu tabia ambayo hakuwa nayo. Siidharau hofu yao. Daktari alitueleza kwamba virusi hivyo ni vya kawaida mno, na kwamba hata mwanamke ambaye hajawahi kumjua mwanamume mwingine isipokuwa mumewe anaweza kuvipata, lakini maelezo hayo hayatafika kila mahali ambako uvumi utafika.

Hata hivyo, binti yake ametimiza miaka 10, umri ambao wasichana nchini wamekuwa wakipewa chanjo ya virusi hivyo bila malipo tangu mwaka wa 2019. Baba yake hajampeleka, kwa kuhofia maswali. Nayo maswali yamekwisha kuanza: alipokuja kwangu likizo ya Agosti, tukiwa tunachambua omena jikoni, aliniuliza, "Mama mkubwa, mama aliugua nini?" Nilimjibu kwamba Mungu alimpenda zaidi. Aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua, na hakuniuliza tena.

Je, niutaje ugonjwa huo hadharani, katika boma ambalo mimi ni mgeni? Au ninyamaze siku hiyo, kisha nizungumze na mtoto faraghani, na ikiwa ni hivyo, nianze vipi na baba yake ili asione kwamba ninamtawalia nyumba? Nakuomba unijibu kabla ya Desemba, kwa kuwa wanawake wa Kibuye wamekwisha kuchangia nauli ya kuja Ugenya. Wengi wao ni wa rika la dada yangu, na niliowauliza waliniambia kwamba hawajawahi kupimwa ugonjwa huo.

Wako,
Dada Mkubwa, Kisumu