Nikeli ina kinachoibeba

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nikeli yalinifurahisha, ila mwandishi alipofika kwenye mafuta ya kupikia alisema nikeli huyagandisha kwa hidrojeni, akaachia hapo. Nimestaafu kazi ya maabara katika kiwanda cha mafuta Mombasa na nasema nikeli tupu haifiki mbali. Chembe zake zikipata joto hushikana, zikawa kubwa, na uso unaofanya kazi ukapungua. Ndiyo maana hutandazwa juu ya unga wa silika (ile ya mchanga), alumina (oksidi ya alumini) au diatomaiti (mwamba laini wa magamba ya viumbe vidogo vya majini). Sisi tuliuita kibebeo.

Kuna wakati ofisi ya ununuzi ilituletea kichocheo, yaani nikeli juu ya kibebeo chake, inayoharakisha mafuta kushika hidrojeni, cha bei nafuu. Karatasi zake na za kile cha zamani zote ziliandika nikeli asilimia 22. Kwa macho pia havikutofautiana: vidonge vyeusi vilivyofunikwa mafuta magumu, kwa kuwa nikeli hiyo ikikutana na hewa hushika moto. Lakini sampuli za mafuta kutoka mtungi wa kugandishia zilitushangaza. Kipimo cha iodini, kinachoonyesha mafuta bado yana nafasi kiasi gani ya kupokea hidrojeni, kilisema kazi bado, ilhali kiwango cha kuyeyuka kilikuwa kimeshapita tulipotaka. Ukionja, mafuta yanabaki kwenye kaakaa kama nta. Wakubwa wakalaumu joto, kisha wakamlaumu fundi wa zamu, maskini.

Tatizo lilikuwa vitundu vya kibebeo. Molekuli ya mafuta ni kubwa. Ikiingia kwenye kitundu chembamba hutoka kwa shida, na muda wote imo ndani nikeli inazidi kuishibisha hidrojeni. Unaishia na molekuli chache zilizoshiba kabisa na nyingi zisizoguswa. Vitundu vikiwa vipana, zinaingia na kutoka, zinashiba kidogo kidogo kwa pamoja.

Aina ya kibebeo nayo ina lake. Alumina hushikilia nikeli kwa nguvu, chembe zikabaki ndogo, lakini ukiichoma kupita kiasi nikeli hujifunga ndani yake na kuirudisha kuwa metali kunadai joto kali mno. Silika huiachia kwa urahisi zaidi, ila chembe hukua upesi.

Najua tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linataka mafuta ya transi ya viwandani, yale yanayodhuru moyo na hutokea mafuta yakigandishwa nusunusu, yaondolewe, nami naunga mkono. Hata hivyo nikeli bado iko kazini, kwa mfano kwenye asidi ya stearini inayoingia katika sabuni na mishumaa.

Sasa, diatomaiti tunayo Kariandusi, karibu na Gilgil, na sifa yake kubwa ni kuchujia. Je, inafaa kubeba nikeli? Chuo Kikuu cha Egerton kiko kaunti hiyohiyo ya Nakuru. Wanafunzi wa kemia waioshe kwa asidi kuondoa chuma, wapime upana wa vitundu, waitilie maji ya chumvi ya nikeli na magadi ili nikeli itue juu yake, waikaushe, waipitishie hidrojeni ya moto nikeli iwe metali, kisha waijaribu kwenye mafuta ya mawese. Majibu yakipatikana, hata yakiwa mabaya, naomba myachapishe.

Mpima maabara mstaafu,
Changamwe, Mombasa