Usiiuze kwanza hiyo kompyuta

Morogoro,
Jumapili usiku

Baba Neema, swahiba,

Shikamoo hutaipata kwangu, maana tumezaliwa mwaka mmoja, ila shemeji msalimie sana. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo haitupi nafasi ya kuanika nguo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Kwamba umeshinda Jumamosi nzima ukihangaika kuweka Python, ile lugha ya kuandikia programu, bando limekata, na sasa unatafuta mteja wa kompyuta yako ili uongezee hela ununue Mac, ile kompyuta ya Apple. Ngoja kwanza.

Kompyuta yako haina kosa. Kwa ulivyonieleza, Python imeshaingia vizuri, ila Windows haijui iko wapi. Ukiandika python kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri (cmd), Windows haipekui diski nzima. Ina orodha ya folda inayoitwa PATH, inazipitia moja baada ya nyingine, isipokuta kitu inaacha. Na kwenye mojawapo ya folda hizo kuna python ya danganya toto, ambayo kazi yake ni kukufungulia duka la Microsoft tu. Ndilo hilo duka lililokutokea. Nawe ukaona basi Python haikuingia, ukaipakua upya. Bando haliwezi kupona hapo.

Faili la kwanza bado liko kwenye Downloads, usipakue tena. Iondoe Python iliyopo, kisha lifungue hilo faili, na kabla hujabonyeza chochote tazama chini kabisa ya kidirisha cha mwanzo. Kuna kisanduku kimeandikwa "Add python.exe to PATH", na kinakuja bila tiki. Hapo ndipo tunapoponzwa wengi, kwa sababu macho yanakimbilia kile kitufe kikubwa cha juu. Weka tiki, endelea mpaka mwisho, kisha funga dirisha jeusi ufungue jingine. Lile la zamani bado limeshika orodha ya zamani, litakudanganya. Andika:

python --version

Ikikujibu kwa namba, mwambie shemeji achinje kuku. Ikigoma, jaribu py peke yake, herufi mbili tu, mara nyingi hiyo haigomi.

Kuhusu Mac, niliwahi kuazimwa moja kazini kwa mwezi mzima. Apple waliiondoa Python 2.7 kwenye mfumo wao mwaka 2022, na ukiandika python3 kwenye Mac mpya, inakutaka kwanza upakue zana zao, mzigo mkubwa kweli kweli. Ungeuza kompyuta, ungeongeza hela, halafu ungekaa tena kutazama bando likiyeyuka.

Na usidhani sisi tunaotumia mfumo wa Ubuntu badala ya Windows tumestarehe. Ubuntu inakuja na Python tayari, na tamaa ndiyo iliyoniponza. Niliona toleo lake ni la zamani, nikataka jipya, nikaandika sudo apt remove python3, yaani amri ya kuiondoa. Ikanimwagia orodha ndefu ya vitu vitakavyoondoka nayo. Nikabonyeza Y bila kusoma. Kumbe nusu ya vitu vya desktop, yaani madirisha na picha za kubonyeza, vinaitegemea hiyo hiyo Python! Nilipowasha tena, hakukuwa na picha wala kipanya, ni maandishi meupe yanayoniomba jina na nywila. Nilichomeka waya wa mtandao, nikarudisha ubuntu-desktop, yaani hivyo vitu vyote vilivyoondoka, saa saba za usiku nikalala. Tangu hapo Python ya mfumo siigusi.

Ndiyo maana nakuomba, kwa ile programu yetu ya alama za kidato cha pili, tusijaze maktaba (vifurushi vya kodi zilizoandikwa na wengine) hovyo. Kila mradi uwe na chumba chake. Ukiwa ndani ya folda ya mradi andika:

python -m venv chumba
chumba\Scripts\activate

Ukiona (chumba) mwanzoni mwa mstari, umeingia, na chochote utakachoweka kwa pip, ile amri ya kuleta maktaba, kitabaki humo. Kwangu mimi mstari wa pili ni source chumba/bin/activate. Kwa nini kwako iwe Scripts na kwangu bin, mimi nilishazoea tu. Ukitumia PowerShell, lile dirisha jingine la amri la Windows, itakukatalia kuwasha chumba kwa sababu za usalama, basi baki na lile dirisha jeusi la cmd.

Folda ya chumba usiniletee kwa flashi. Ndani yake imeandikwa njia za diski yako, kwangu haitafanya kazi. Andika pip freeze > requirements.txt, itaandika orodha ya maktaba zako kwenye kifaili, unitumie hicho pamoja na programu uliyoandika, mimi nitajenga chumba changu huku.

Halafu majina ya mafaili, Mwalimu. Najua unavyopenda herufi kubwa. Kwenye Windows, Alama.csv na alama.csv ni faili moja. Kwenye Ubuntu ni mafaili mawili tofauti kabisa, na programu iliyokwenda vizuri kwako itaniambia faili halipo. Tuandike herufi ndogo tupu, na nafasi katikati ya maneno tusiziweke.

Nitakupigia Jumatano saa mbili usiku. Uwe umeshaweka tiki, kompyuta iwe kwenye chaja, na huyo mteja mwambie asubiri.

Wako,
Swahiba wa Moro