Barua ya Malalamiko: Kasoro ya Betri ya Basi la Shule Ambayo Sikuarifiwa

S.L.P. Tanga
9 Machi 2026

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOARIFIWA KUHUSU KASORO YA BETRI YA BASI LA UMEME LA SHULE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Juni mwaka jana nilinunua kwenu basi dogo la umeme, ambalo hubeba wanafunzi 26 kutoka Pongwe na Mikanjuni hadi shuleni kwao Raskazone. Silalamiki kwamba betri yake ina kasoro, kwa kuwa hakuna kiwanda kisichokosea. Nalalamika kwamba kasoro hiyo mliijua na mimi mwenye basi sikuambiwa.

Tarehe 19 Januari mtengenezaji aliwatangazia wateja wa nchi nyingine kwamba betri za toleo hili zinaweza kuwaka moto zikijazwa kabisa, na kwamba hadi zikaguliwe zisichajiwe kupita asilimia 80, wala basi lisiegeshwe karibu na jengo. Mimi nilizipata habari hizo tarehe 2 Machi, tena kupitia dereva wangu, aliyetumiwa tangazo na dereva mwenzake wa Mombasa. Nilipolinganisha, namba ya chesisi ya basi langu ilikuwamo katika orodha. Kwa wiki sita hizo, kila usiku wa kuamkia siku ya shule, tulilichaji hadi asilimia 100, kama fundi wenu alivyotuelekeza siku ya makabidhiano, ndani ya banda la mabati lililoegemea ukuta wa chumba anacholala mama yangu na wajukuu wake wawili.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinijibu kwamba tangazo lile ni la soko la nje. Sielewi betri inajuaje imeuzwa katika soko lipi.

Msiniambie kwamba mlikuwa mnasubiri vipuri. Mwaka 2021, kampuni ya General Motors ilipoyaita yarudishwe kurekebishwa magari yote ya umeme ya Chevrolet Bolt, zaidi ya 140,000, kwa sababu ya kasoro ndani ya seli za betri, wenye magari walielekezwa wasichaji kupita asilimia 90, waegeshe nje, na wasiyaache yakichaji ndani usiku, ingawa betri mpya zilikuwa bado hazijawafikia. Na Septemba 2025, basi moja la umeme la shule lilipowaka moto Montreal, Kanada, serikali ya jimbo la Quebec iliyasimamisha kwa muda mabasi yapatayo 1,200 ya kampuni ya Lion Electric ili yakaguliwe kwanza. Onyo halihitaji kipuri. Linahitaji ujumbe wa simu, na namba yangu mnayo, kwa maana hamjawahi kukosa kunikumbusha tarehe ya marejesho.

Jibu lenu la pili, la tarehe 5 Machi, linanitaka nilipeleke basi kwenye karakana yenu Dar es Salaam kwa gharama zangu. Safari hiyo ni ya kilometa zipatazo 350, nami sijui kituo hata kimoja cha kulichaji njiani. Kwa chaji ya asilimia 80 basi hili halifiki Chalinze.

Kwa hiyo naomba fundi aje Tanga na vifaa vyake kwa gharama ya kampuni, na kila aliyenunua toleo hili nchini aandikiwe kwa namba yake ya chesisi, pamoja na waliouziwa mkono wa pili, ambao ndio wepesi zaidi kusahauliwa. Tangu tarehe 3 Machi basi limeegeshwa uwanjani, mbali na nyumba, na wanafunzi nawasafirisha kwa Hiace ya kukodi kwa Shilingi 90,000 kwa siku. Risiti nimeziambatanisha nami nadai zilipwe.

Nitasubiri majibu ya maandishi kwa siku 14, kisha nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, nikiambatanisha tangazo la Januari na majibu yenu yote mawili.

Wako,
Mmiliki wa basi, Chumbageni, Tanga.