Khalati, Usimwite Mlafi

Assalam aleikum khalati,

Sauti yako ya WhatsApp nimeisikia. Wasema tangu ndugu yangu atoke hospitali hashibi, wali wa watu watatu aumaliza peke yake, na sasa wafikiria kumpunguzia vidonge. Nakujibu hadharani kwa sababu nyumba zenye kilio hiki Mombasa ni nyingi, na watu waona haya kusema.

Vidonge hivyo ni olanzapini. Hiyo na klozapini ndizo zinazoongoza kwa kunenepesha miongoni mwa dawa za saikosisi, yale maradhi ya akili yanayomfanya mtu kusikia au kuamini yasiyokuwepo. Zatuliza zile sauti anazosikia, lakini pia zavuruga njia ambazo ubongo hujulia kwamba tumbo limejaa. Njaa yake ni ya kweli, khalati. Kumwambia mbele za wageni ana tumbo la fisi ni kumuonea. Tena dawa yenyewe yaweza kupandisha sukari hata kwa ambaye hajanenepa sana. Shirika la Afya Duniani lasema wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi wao huondoka kwa moyo, sukari na mengineyo ya mwili.

Dawa usimkatize, atarudi kule kule kwa kuranda usiku. Anza na jiko. Mbaazi mjazie, mahamri yawe mawili badala ya matano. Samaki wa kuchoma na mchicha, sawa. Viazi karai vya kila jioni ndivyo vinavyomponza. Na soda! Dawa hukausha kinywa, na kwa joto letu hili lazima akimbilie dukani. Muwekee jagi la maji ya ndimu karibu. Juisi ya miwa nayo ni sukari tupu, usidanganywe na ule ukijani.

Muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, ndio usiseme. Utamkata hamu ya kula, kweli, na hizo sauti zaweza kurudi.

Kliniki waulize uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu. Hupimwa dawa ikianza, tena baada ya miezi mitatu hivi, kisha angalau kila mwaka. Uliza pia kama yafaa kubadilishiwa dawa, au kuongezewa metformini, dawa ya kisukari. Hupewa hata wasio na kisukari ili kuzuia unene.

Goti likikusumbua, nitampeleka mimi Jumatatu. Mwambie tu asinywe chai asubuhi hiyo kabla hajatolewa damu.