Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Njia Zetu za Baiskeli, Lushoto

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati, na wazee wetu mliotoka Irente na vijiji vya jirani, assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Safari za Magamba na Soni zilifanyika. Ile ndefu ya Lukozi na Mambo hadi Mtae nayo ilifanyika, na hakuna aliyevunjika mfupa. Vijana walifundishwa kuziba pancha na kukaza breki. Wageni walipungua wakati wa mvua, wakarudi Julai. Baiskeli mbili za chama ni mbovu, vipuri tunasubiri. Mapato sh. 4,860,000, matumizi sh. 4,515,000, ndani yake zimo sh. 1,350,000 nitakazozieleza, salio sh. 345,000, ada ambazo hazijalipwa sh. 1,230,000. Mwenye swali la hesabu amwone mhazini.

Sasa nije kwenye jambo lililowaleta wengi wenu leo, maana ada haikuwaleta.

Maneno ya kijiweni nimeyasikia: mwenyekiti kafunga njia ya Irente kwenda Mazinde kwa amri yake, kawanyima vijana riziki, kachezea akiba. Naomba nisikilizwe mpaka mwisho.

Njia ile inateremka karibu mita 1,000 hadi tambarare, na hatukuichonga sisi. Ni njia ya miguu ya wenyeji, ya mama mwenye mzigo kichwani na mtoto wa shule. Inashuka wima, na maji nayo hushuka humohumo. Tairi lililokabwa breki kwenye tope huchora mfereji; mvua ya kesho yake huukuta uko tayari, ikauchimba zaidi. Masika ya mwaka huu mnayakumbuka, udongo haukupata kukauka tangu mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023. Mwezi Aprili maji yalitoka njiani yakaingia kwenye matuta ya mzee mmoja. Maharage yakaenda, na majani ya guatemala aliyopanda kingoni yakang'oka. Mzee akaziba njia kwa miiba. Mlitaka nikagombane naye? Sisi Wasambaa nani asiyejua jasho la kutengeneza shamba la mteremkoni?

Ndipo kamati ikafunga njia hadi mwisho wa Juni. Ilifungwa kwa baiskeli tu. Anayesema tuliwafungia waenda kwa miguu anazua. Zile sh. 1,350,000 zilimfidia mzee, zikanunua majembe na sululu, zikalipa vibarua. Vipande vitatu vilivyokuwa vibaya zaidi tumevihamisha, kwa ruhusa ya wenye mashamba. Sasa njia inakata ubavu wa mlima. Wachonga njia za baiskeli wana kanuni yao: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ubavu inamopita, na kwa wastani usipite asilimia 10. Ukingo wa nje tumeuinamisha kidogo ili maji yavuke na kwenda zake, na kila baada ya kipande njia inapanda kidogo kabla ya kushuka tena, maji yasipate mbio. Wapo wanaosema imekosa raha. Wageni wa Julai hawakulalamika. Mimi mwenyewe nilikuwa pale Jumamosi zote za kazi, jembe mkononi, na picha zipo kwenye kundi letu la WhatsApp. Baadhi ya wanaolalamika hata picha hawajazifungua.

Mnauliza kwa nini hatukuitisha mkutano. Tuliitisha mara tatu! Wanachama ni 52 na akidi ni 26. Walikuja 11, kisha 9, kisha 13, wakiwamo wawili ambao nadhani walikuwa wanajikinga mvua. Katiba inairuhusu kamati kuamua jambo la dharura, na katiba hiyo mliipitisha ninyi kwa kunyoosha mikono. Nilichofanya ni kuisoma.

Na kwa kuwa limetajwa suala la fedha za chama: ada ni sh. 30,000 kwa mwaka. Waliolipa ya 2024 ni 19. Wanane bado wanadaiwa hata ya 2023, na sauti zao ndizo ninazozisikia zaidi. Majina ninayo, leo sitayasoma.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuweka vibao vya njia, kuzungumza na vijiji vingine, pengine kupata mfadhili wa baiskeli za vijana, na kuangalia kama mashindano madogo yatawezekana. Masika yakianza, njia ya Mazinde itafungwa tena. Anayepinga aje mkutanoni, apige kura.

Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na hataondoka kabla chai haijaisha.

Naomba kuwasilisha.